Kazi ya Neno Pemba: Kutoka kwa Malenga Hadi Podikasti

Chokocho ikitajwa, watu hukumbuka bahari na karafuu. Kijiji hiki cha wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba, kinatazamana na Kisiwa Panza, na riziki ya watu wake imetegemea vyombo vya baharini na mashamba tangu zamani. Ndiyo maana mkaazi wa hapo akisema kazi yake ni kuandika makala kwa kujitegemea na kutengeneza podikasti, huonekana kaleta mambo mageni. Wiki yake haina mwajiri: kuna siku ya kutafuta habari, siku ya kuwahoji wazee, siku ya kurekodi na siku ya kuhariri, na zinazobaki humalizikia katika kudai malipo na kutafuta bando. Hoja yangu ni kwamba kilicho kigeni hapo ni vyombo tu. Kazi yenyewe ina ukoo mrefu Pemba na mwambao mzima, na ukoo huo una funzo linalofaa kuingizwa katika mipango yake ya miezi ijayo: maneno yaliyotufikia kutoka zamani yalitufikia kwa sababu palikuwa na mtu aliyejipa kazi ya kuyahifadhi.

Tuanze na Kamange na Sarahani, malenga wawili wa Pemba ambao majina yao hayajasahaulika. Ali bin Said Jahadhmy, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kamange, alifariki 1910. Sarahani bin Matwar alifariki 1926. Waliishi katika zama ambazo karafuu iliigeuza Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo tegemeo la zao hilo. Katika kisiwa hicho cha mashamba, shairi lilipita kinywa hadi kinywa na kwenye karatasi zilizonakiliwa kwa mkono. Malenga hakuwa na mhariri wa kumpangia mada wala mwajiri wa kumwekea tarehe. Alichokuwa nacho ni hadhira iliyojua kupima vina na mizani, na mtunzi mwenzake aliyekuwa tayari kumjibu. Hata hivyo diwani inayobeba tungo zao, Kale ya Washairi wa Pemba, ilichapishwa 2011, zaidi ya karne moja baada ya Kamange kufa. Waliozikusanya ni Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na aliyezihariri ni Abdilatif Abdalla. Ufundi wa Kamange haukupungua kitu katika miaka yote hiyo ya kungoja, lakini ufundi huo usingetosha kumfikisha kwetu kama pasingekuwa na watu wa kukusanya na kuhariri.

Huenda msomaji akapinga kwamba malenga hafanani na mwandishi wa kujitegemea, kwa kuwa alitunga kwa mapenzi na riziki yake aliipata kwingine. Pingamizi hili lina uzito, lakini linaisaidia hoja yangu kuliko linavyoidhoofisha. Ni wachache mno katika Afrika Mashariki walioishi kwa kalamu peke yake. Mtazame Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi na baba wa hadithi za upelelezi za Kiswahili. Alifanya kazi katika idara ya afya, akaingia katika magazeti ya Zanzibar, na 1958 akawa mhariri wa jarida la Mkulima. Katika miaka hiyohiyo, Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, ukachapishwa 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hizo, alizaliwa pembeni ya kazi ya mshahara. Basi anayerekodi podikasti jioni baada ya kutoka shamba au darasani asijione mwandishi nusu, kwani hivyo ndivyo fasihi yetu ilivyotengenezwa.

Huo ni upande wa maandishi. Upande wa sauti, tunaye mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi. Inafaa kukitazama kwa karibu chombo alichokikuta huko. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo ambao kwenye hafla ungeweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyopenda, hapo ulilazimika kupimwa, kukatwa, na kumalizika kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Kitu kilipotea katika kukata huko, lakini kilichobaki bado kinasikika leo, wakati sauti za waimbaji wengi wa rika lake zimekwenda na wenyewe. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alifika palepale kwa njia ya karatasi. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na makala zake zilipokusanywa na kuwa kitabu, Uwongozi, katika 1944, ndipo zilipopata umri mrefu. Karatasi ya wiki husomwa, ikafungiwa bidhaa dukani, ikatupwa. Kitabu huwekwa rafuni.

Kuna watakaosema hofu hii ni ya zama zilizopita, kwa kuwa kinachopakiwa mtandaoni hakipotei. Ni kweli kwamba kazi imekuwa nyepesi. Tangu 2010 Pemba hupata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na simu moja ya mkononi hurekodi, huhariri na kurusha. Lakini wepesi wa kusambaza na uhakika wa kudumu ni mambo mawili tofauti. Redio ilitufunza hayo. Utepe wa kurekodia ulikuwa ghali na ungeweza kufutwa ukatumiwa tena, hivyo kipindi kilichosikika kisiwa kizima jioni kingeweza kuwa hakipo popote baada ya muda mfupi. Podikasti nayo hukaa katika mitambo ya kampuni iliyo mbali, kwa masharti ambayo mtunzi hakuyaandika. Nywila ikisahaulika, ada isipolipwa au kampuni ikifunga huduma, mahojiano na mzee aliyekwishafariki hayarudiwi.

Wengine watasema kuhifadhi ni jukumu la serikali. Wana haki ya kulidai hilo, na Zanzibar ina Nyaraka za Taifa zinazostahili kutumiwa na kuheshimiwa. Lakini kwa watangazaji wa mtandaoni, mkono wa serikali umefika zaidi kwenye usajili: kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai leseni. Leseni humruhusu mtu kutangaza, haimwekei alichotangaza. Na mifano ya Kamange na Uwongozi inaonyesha kwamba kinachodumu ni kile ambacho kuna mtu aliyejitolea kukitunza.

Kwa hiyo mipango ya mwandishi wa Chokocho isiishie kwenye mada za vipindi vijavyo na idadi ya wasikilizaji anaowataka. Katika kila wiki atenge muda maalumu wa hifadhi. Aandike jina la aliyehojiwa, kijiji chake, tarehe na ridhaa yake. Aweke nakala nje ya mtandao, na nyingine kwa mtu anayemwamini. Ayageuze mahojiano bora kuwa maandishi. Na baada ya mwaka akusanye makala zake kama Uwongozi ulivyokusanywa. Kazi hii haina malipo wala haipigiwi makofi, na kwa mtu anayehesabu bando huonekana ni anasa. Sikubaliani. Maneno ya wazee wa kusini mwa Pemba kuhusu uvuvi, karafuu, ndoa na dini yanastahili kuwafikia wajukuu bila kungoja miaka mingi kama zilivyongoja tungo za Kamange na Sarahani. Mwandishi wa leo ana uwezo ambao malenga hao hawakuwa nao, wa kuwa mtunzi na mhifadhi wa kazi yake kwa wakati mmoja, na uwezo huo unamwekea wajibu.