Redio na televizyo kwetu Lubumbashi

Bazee betu wakikutana kwenye kilio ao kwenye ndoa, masimulizi hayakawii kufika kwenye redio. Tunaona ni vizuri kuandika kidogo juu ya jambo hilo, maana wenye kulikumbuka wanapunguka.

Mbele ya uhuru redio haikuwa kitu cha kila nyumba. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940, wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kisha serikali ikaweka vipaza sauti katika mitaa ya Waafrika, watu wakawa wanasikiliza wakiwa wamesimama. Yaani redio kwetu ilianza kama kitu cha kusikiliza pamoja, na hata wakati watu walianza kujinunulia zao, jirani aliingia tu bila kualikwa. Tena mawe ya redio hayakukuwa bei rahisi!

Siku ya 11 Julai 1960 ni kwa redio Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga. Tangu siku ile mpaka mwisho wa mambo hayo, Januari 1963, Radio Katanga ilikuwa silaha sawa bunduki. Kila utawala uliokuja nyuma ulijua hiyo: mwenye kushika redio ameshika muji.

Lakini kile watu wanapenda kukumbuka si hotuba. Ni Mufwankolo. Jina lake la kweli ni Odilon Kyembe Kaswili, na kikundi chake kilicheza kwenye redio, kisha kwenye televizyo, mambo ya nyumbani kwetu kabisa: bwana anakula mshahara wote kwa pombe, bibi anamungojea kwenye mlango, ndugu wa kijijini wanafika bila kuandika barua, mganga anadanganya. Hawakusoma maneno kwenye karatasi. Walipatana juu ya hadisi, kila mutu akajua nafasi yake, kisha maneno yakajitokea. Na walisema Kiswahili chetu, kile cha Kenya na Katuba na Kamalondo, si kile cha mapadri. Kwa mawazo yetu, hapo ndipo watu wengi walisikia mara ya kwanza kwamba luga yao inaweza kusemwa mbele ya wote bila haya.

Televizyo ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966. Wakati wa Zaïre, mbele ya habari za magaribi, tuliona kichwa cha Mobutu kikishuka kutoka mawinguni. Batoto walicheka, wakubwa wakawanyamazisha haraka. Ndani ya wakati huohuo, mwaka 1986, kikundi cha Mufwankolo kilitengeneza muchezo juu ya ile mezali inayosema utawala unaliwa muzima. Waliucheza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, na hadisi yake ilikuwa ya chifu na watu wake. Kucheza jambo la utawala chini ya MPR, hata kwa kuchekesha, kulitaka moyo.

Tusisahau komunike. Kama mutu alikufa Lubumbashi na ndugu zake wako Kolwezi ao Kamina, redio ndiyo iliwaita. Watu walisikiliza majina kwa kunyamaza kabisa, hata wale ambao hawakungojea habari yoyote.

Kisha Aprili 1990 Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, na miaka iliyofuata redio za watu binafsi na za makanisa zikaongezeka. Kuchagua ni kuzuri, lakini jirani haingii tena.

Michezo mingi ya zamani ilipita hewani ikaisha. Ule wa 1986 tuko nao kwa sababu mugeni mumoja, Johannes Fabian, aliufuata tangu mazungumzo ya kwanza, akaandika kila neno katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Inatusumbua kidogo kwamba ilihitaji mutu wa ngambo. Mule Kiswahili kimeandikwa vile kilisemwa, pamoja na Kifaransa chake na makelele yake, na mwenye kukisoma kwa sauti anamusikia Mufwankolo.