Namba ya shingo: kutoka orodha ya vifo hadi kwenye tarakilishi

Leo tuache kidogo habari za simu na wavuti. Nataka kuwasimulia historia ya namba moja: M48.02.

Namba hiyo ni ugonjwa. Ndani ya uti wa mgongo mna njia, na humo hupita mshipa mkuu wa fahamu. Njia ikiwa nyembamba pale shingoni, mshipa hubanwa. Mvuvi wa kwetu Majoreni ataanza kushindwa kufunga fundo la wavu, vidole vitakufa ganzi, miguu itayumba. Atadhani ni uzee, kumbe ni shingo. Akichelewa, huenda asirudi alivyokuwa.

Orodha ya namba hizi ilianza na wafu. Mwaka 1893, mjini Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu. Ugonjwa unaolemaza bila kuua haukuwa shabaha yake. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua orodha hiyo, na toleo la 6 likaingiza pia magonjwa yasiyoua. Marekani, katika toleo la 9, shingo yetu iliitwa 723.0. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990: M ni mifupa, viungo na misuli, 48.0 ni njia nyembamba. 2 ya mwisho ni shingo.

Huku kwetu je? Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye tarakilishi. Kazi ya kupanua mfumo ule ilizaa OpenMRS mwaka 2004, programu huria. Ndani yake mna kamusi: daktari anachagua jina la ugonjwa, na jina hilo huunganishwa na namba yake. Daktari hana haja ya kukariri M48.02.

Mwaka 2011 Kenya ilieneza DHIS2 nchi nzima. Hapo ndipo mvuvi wetu anapotea. Zahanati hutuma jumla za wagonjwa kwa fomu ya MOH 705, yenye orodha fupi ya magonjwa. Usio na mstari wake hutumbukia kwenye "mengineyo". Anayepanga bajeti kwa kutazama jumla hizo hawezi kuiona shingo iliyobanwa, wala kujua kama wagonjwa ni 2 au 200.

Toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022, na namba zimebadilika tena. Kwa hiyo wewe unayeandika programu ya zahanati, hifadhi kwanza maneno ya daktari yalivyo, kisha namba, kisha jumla. Kutoka kwenye maneno unaweza kupata namba ya toleo lolote. Kutoka kwenye "mengineyo" huwezi kumpata mtu.

Haya, tuonane tena.