Upunguzaji wa metali mbili katika zeolaiti

Upunguzaji wa metali mbili katika zeolaiti ni mmenyuko, kinyume cha uoksidishaji, ambamo ioni za metali zilizomo katika vinyweleo vya zeolaiti (madini ya aluminosilikati yenye vitundu vidogo sana) hupokea elektroni kutoka kwa hidrojeni na kuwa metali. Zeolaiti aina ya Y ina vyumba vikubwa vyenye kipenyo cha nanomita 1.3 hivi, milango ya nanomita 0.74, na vyumba vidogo vilivyofichika.

Mfano ulio wazi ni paladi na kobalti. Unga wa zeolaiti wenye ioni za kobalti huwa wa waridi ukiwa na maji, na wa buluu ukikauka. Kobalti ikiwa peke yake ni kaidi: huhitaji joto kali ili ipunguzwe. Ikikaa jirani na paladi, mambo hubadilika. Paladi hupunguzwa mapema, huvunja molekuli za hidrojeni kuwa atomi, nazo atomi hizo huisaidia kobalti kupunguzwa kwa joto la chini zaidi. Chembe za aloi huundwa. Kila ioni yenye chaji mbili ikipunguzwa huacha protoni mbili, hivyo zeolaiti huongezeka uasidi.

Joto la maandalizi, yaani la ukaushaji kabla ya upunguzaji, likizidi, ioni huhamia vyumba vidogo na metali hizo mbili hutengana. Ubora wa kichocheo kinachotokana na metali hizo, basi, huanza kuamuliwa kabla hidrojeni haijaingia.