Kabla ya Mnyonya Damu

Anayeitazama tena sehemu ya kwanza ya Dark Shadows, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoanza kurushwa tarehe 27 Juni 1966, hamkuti mnyonya damu. Humkuta Victoria Winters, msichana yatima aliye ndani ya garimoshi, akienda kulea mtoto katika jumba la matajiri asiowajua. Barnabas Collins alitokea Aprili 1967. Hofu ilimtangulia.

Katanga ya wakoloni nayo ilikuwa na batumbula, waliosemekana kuteka watu usiku kwa niaba ya Wazungu, ili waliwe. Katika nchi ya migodi na miji kama Luena, ambako makaa ya mawe yalichimbwa kando ya reli iendayo Kamina, ni rahisi mno kuviita visa hivyo ushirikina. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alivisoma kama ushahidi wa kihistoria, na alifanya vyema. Hata Barnabas ni wa ukoo wa waajiri, wenye meli za uvuvi. Naye Willie Loomis, aliyelifungua jeneza lake, aligeuka mtumishi wake.