Pishi, Frasila na Bwana Msa: Vitabu Vilivyotufungua Macho

Mhariri wa jarida letu amenitaka niandike juu ya vitabu vilivyotutia hamu ya sayansi na hesabu tulipokuwa wadogo. Mwanzo nilikataa, kwani mimi si mwandishi. Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa umeme. Lakini nilikumbuka jambo moja lililonipata nyumbani kwangu Amani, nikaona afadhali niseme.

Ilikuwa mwaka 2014. Mjukuu wangu, wakati huo darasa la sita, alikuwa barazani akihifadhi somo la sayansi kwa Kiingereza. Somo lilihusu jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Alilisoma neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu, wala hakukosea hata herufi. Nikamwuliza, "Maana yake nini?" Akanijibu, "Babu, maana sijui, lakini mwalimu kasema litatoka katika mtihani." Na sote wawili tulikuwa tumekaa chini ya mwembe.

Wazee wenzangu mtakumbuka kwamba sisi hatukuanza hivyo. Vijana mliopo skulini sasa huenda hamjui, basi nitaeleza kwa ufupi.

Elimu ya hesabu visiwani petu ni ya zamani kuliko kitabu chochote cha skuli. Bibi yangu wa Makunduchi hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu mwaka wa jua, ambao huanza kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo hugawiwa miongo 36, kila mwongo siku kumi, kisha huongezwa siku tano. Vijana, fanyeni hesabu wenyewe muone mnapata siku ngapi. Kwa miongo hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na baharia alijua wakati wa kutweka tanga.

Vitabu vya skuli kwa Kiswahili vilipata nguvu baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1925 lilifunguliwa jengo la makumbusho la Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, ambako watoto waliweza kuona kwa macho yao wanyama na vitu vya kale. Mwaka 1927 Idara ya Elimu ya Unguja ilianza kutoa jarida la Mazungumzo ya Walimu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba lugha iliyochaguliwa kusomeshea watoto wa Afrika Mashariki ilikuwa hii tunayozungumza sisi sokoni Darajani. Hilo tusilisahau.

Hata hivyo, kitabu chetu cha hesabu kilitoka Uingereza. Kilijaa treni, ambazo hatujapata kuzipanda, na pauni na peni, ambazo hatujapata kuzishika, kwani Zanzibar ilikuwa imeacha rupia mwaka 1936 na kutumia shilingi na senti. Siku moja maalim wetu alikifunga kitabu hicho, akaleta darasani kibaba, pishi na kikapu cha mchele. Pishi moja ni vibaba vinne. Alituita mmoja mmoja tupime, na siku ile ndipo nilipofahamu robo, nusu na robo tatu. Kisha akaandika ubaoni: "Frasila moja ya karafuu ni ratili 35. Mtu mwenye frasila 14 ana ratili ngapi?" Darasa zima lilinyoosha mikono, maana kila mmoja wetu alikuwa na mjomba au baba anayesubiri bei ya karafuu.

Kwenye kabati la vitabu palikuwa na nakala moja iliyochakaa ya Alisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Conan-Davies iliyotoka mwaka 1940. Aliyekitunga kwa Kiingereza, Lewis Carroll, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Oxford, na mafumbo yake mengi yana harufu ya darasa la hesabu. Sisi hatukulijua hilo. Tulichokiona ni picha, kwani katika tafsiri hiyo Alisi alichorwa kuwa mtoto wa Kiafrika. Rafiki yangu mmoja alizinakili picha zote kwa penseli, na mpaka leo husema ndizo zilizomfundisha kuchora.

Lakini kitabu kilichotubadilisha hasa ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lile lililoanzishwa mwaka 1948, na kikachapishwa mwaka 1960. Hakikuandikwa kwa ajili ya watoto, wala si kitabu cha sayansi. Lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakukubali kuambiwa kwamba mambo yamefanywa na mizimu. Alitazama, akauliza, akalinganisha, kisha ndipo akasema. Mwandishi mwenyewe alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, na kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti alifanya kazi katika Idara ya Afya. Nadhani mtu aliyezoea kukagua maji na uchafu huzoea pia kutafuta chanzo cha kila jambo.

Mwaka 1962 sisi wanne tuliamua kuwa akina Bwana Msa. Juu ya paa la stoo ya skuli palisikika mlio kila baada ya Magharibi, na ilijulikana kwamba ni shetani. Tulichukua daftari tukaandika siku, saa na hali ya hewa kwa wiki tatu. Tuliona kwamba siku za jua kali shetani hulia sana, na siku za mawingu na mvua hunyamaza. Tulipompelekea maalim daftari, alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akatueleza: bati likipata jua hutanuka, likipoa hujikunyata, na misumari hulia. Mimi fundi umeme nilizaliwa siku ile.

Basi baada ya hapo ilikuwaje? Shirika lile la vitabu lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Kwa upande wetu, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mwaka 2014, mwaka ule ule wa mjukuu wangu na mwembe, televisheni ilianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na watoto wa mtaani kwetu wakawa wanaimba hesabu.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba sayansi ya dunia iko katika Kiingereza. Ni kweli, na mimi umeme nimeusomea kwa Kiingereza. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kufahamu bati linavyolia.

Nitataja kosa, nalo ni letu, langu likiwa la mwanzo. Tangu mwaka 1980 Unguja ilipata umeme kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwezi wa Disemba 2009 umeme huo ulikatika, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Watoto walinijia barazani wakiuliza: umeme unapitaje majini? Mbona samaki hawafi? Niliwajibu kwa mdomo, wakaondoka. Hicho kilikuwa kitabu kizima, na sikukiandika. Katika wanafunzi wa zamani wa skuli yetu wamo madaktari, manahodha, wahandisi na wachoraji. Ni wangapi kati yetu wamewaandikia watoto hata kurasa kumi? Maneno tunayo, kamusi tunayo. Kinachokosekana ni sisi.

Ninapendekeza kila mmoja wetu aandike jambo moja la kazi yake kwa mtoto wa darasa la nne, na wachoraji wetu watie picha. Mimi nimeanza na ule waya wa chini ya bahari, na kurasa nne ziko tayari. Mdogo wake yule mjukuu ndiye mkaguzi wangu. Anasoma kwa sauti, na akisimama penye neno asilolifahamu, nalifuta na kuandika upya. Jana alisimama mara tatu.