M-Pesa kabla haijawa M-Pesa



Wiki iliyopita tuligombana kidogo hapa Kafutuma. Tunataka kutengeneza programu ya simu ya kumjulisha mtu zamu yake ya mgao, asishinde juani bure. Wengine walisema tuanze na kompyuta mara moja, wengine tuchore kwanza kwenye kaye. Mimi nilikuwa wa kompyuta. Halafu nikasoma historia ya M-Pesa, nikanyamaza.

Oktoba 2005, huko Kenya, Vodafone na Safaricom walianza jaribio pamoja na Faulu, shirika la mikopo midogo. Wazo halikuwa kutuma pesa kwa ndugu, hapana. Lilikuwa mkopaji alipe deni lake kwa simu. Mawakala walikuwa 8 tu, wateja hawakufika hata 500.

Angalia chombo walichochagua. Menyu iliwekwa ndani ya laini yenyewe, na maagizo yakaenda kwa ujumbe mfupi. Basi hata simu ndogo ya vibonyezo iliweza, bila intaneti. Hapo kwa kweli walituwaza watu kama sisi.

Kisha wakatazama watu wanafanya nini, na watu wakafanya mengine kabisa! Wafanyabiashara wakalipana wao kwa wao. Mtu akiwa na safari aliweka pesa kwa wakala, akaenda, akatoa akifika, ili wezi wasimkute nazo njiani. Wengine wakamlipia mwenzao deni. Upande wa Faulu mambo yalikuwa magumu, maana hesabu zao za mkono hazikuungana vizuri na mfumo mpya.

Wangeweza kusema watu wanakosea. Badala yake walibadilisha kazi yenyewe. Machi 2007 M-Pesa ilipofunguliwa kwa wote, mikopo ilikuwa imewekwa kando, ikabaki kitu kimoja chepesi: tuma pesa nyumbani. Leo hata sisi huku Zambia tunatumiana pesa kwa simu namna hiyo.

Lakini msiseme kaye inatosha. Mchoro unaonyesha kama maneno yanaeleweka. Hauonyeshi mtu atafanya nini pesa yake halisi ikiwa ndani. Kwa hiyo tumepatana: kwanza karatasi, halafu wiki mbili za ujumbe mfupi, mmoja wetu akijibu kwa mkono kama yeye ndiye programu. Kompyuta itangoja.

Juzi tulimwonyesha mama mmoja ukurasa tuliochora. Akabonyeza karatasi kwa kidole, akacheka, kisha akauliza:

“Wanangu, na kama simu iko kwa bwana yangu, naye yuko ziwani, zamu yangu nitaijuaje?”

Hakuna kati yetu aliyekuwa amewaza hilo. Ukurasa wa pili tumeufuta, tunachora upya.