Kuwafuata Wanafunzi Wetu Walio Mbali



Kila mwaka taarifa hii huwa na ukurasa wa hesabu ya fedha zilizotolewa kwa ajili ya karo, nao husomwa kwa makini, kama ipasavyo. Lakini liko fungu dogo katika hesabu hiyo ambalo baadhi ya wazee wameliuliza, nalo ni lile la nauli na simu za katibu anapowatafuta wanafunzi walionyamaza. Imesemwa ya kuwa kijana aliyesomeshwa na watu kisha akanyamaza amekwisha kuchagua njia yake, wala haifai kumfuata kama mbuzi aliyekata kamba. Twaiheshimu kauli hiyo. Ila twaona ya kuwa historia ya nchi yetu yashuhudia vingine, na twaomba ruhusa tuieleze.

Zamani kwenda masomoni ng'ambo kulikuwa ni kupotea machoni pa watu. Peter Mbiyu Koinange aliondoka Kenya mwaka 1927 kwenda Hampton, Marekani, akarudi mwaka 1938, yaani miaka 11. Wazazi wa siku hizo walingoja barua iliyosafiri kwa meli, na mengi yaliyoandikwa humo yalikuwa yamekwisha kupita kabla hayajasomwa.

Mambo yalibadilika Septemba 1959, ndege iliyokodiwa ilipoondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda New York. Kazi hiyo ilikuwa ya Tom Mboya, Dk. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, pamoja na rafiki zao wa Marekani walioanzisha African-American Students Foundation. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na safari zikaendelea. Mradi ulipokwisha mwaka 1963, waliosafirishwa walikuwa karibu 800.

Watu hupenda kusimulia habari za ndege, kwa kuwa ndege yapendeza kusimuliwa. Lakini safari ilikuwa ya siku chache, na masomo yalikuwa ya miaka minne. Huku nyumbani watu walichanga kwa karamu za chai, chuo kikatoa karo au sehemu yake, na baada ya hapo kijana alibaki katika mji ambao pengine hakuwamo Mwafrika mwingine, bila koti la baridi, bila mahali pa kukaa likizoni mabweni yanapofungwa. Wengi wao hawakuweza kurudi hata kwa matanga ya mzazi. Hapo ndipo ofisi ya Foundation kule New York, ambayo Cora Weiss alikuwa mkurugenzi wake, ilipofanya kazi isiyopigwa picha. Wanafunzi waliandika, ofisi ikajibu. Huyu apungukiwa karo ya muhula, huyu ni mgonjwa, huyu atafuta kazi ya miezi ya kiangazi. Kumbukumbu za ofisi hiyo zimehifadhiwa katika Michigan State University hata leo. Kwa maoni yetu zile barua zina sehemu kubwa katika mafanikio ya mradi kuliko ndege zenyewe, ijapokuwa hakuna sanamu itakayojengewa bahasha.

Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo msichana Wangari Muta, aliyepelekwa chuo cha masista huko Atchison, Kansas. Hakupelekwa peke yake. Alikuwa na msichana mwenzake wa Kenya katika chuo hicho hicho, na jambo hilo si dogo kwa mtu aliye mbali na lugha yake. Alimaliza mwaka 1964, akaendelea Pittsburgh, akarudi mwaka 1966. Ndiye Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Uko mfano mwingine, nao ni wa uchungu. Baada ya jaribio la kuipindua Serikali tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, wala hakikufunguliwa mpaka mwaka uliofuata ulipokaribia kwisha. Wanafunzi walirudishwa makwao, wakaamriwa kujionyesha kwa machifu. Hapana awezaye kusema kwamba vijana wale hawakufuatwa! Lakini daftari la chifu lilitaka kujua kijana yuko wapi. Halikuuliza asoma nini, wala atarudi chuoni kwa njia gani. Twalitaja kwa sababu kijana hutambua upesi sana kama aulizwaye ni yeye au ni makosa yake, na katibu wetu ameagizwa asiende kwa mtu yeyote kama askari.

Walioijua kazi hii vizuri zaidi ni wale waliofundisha watu wasiowaona. Katika miaka ya 1960 idara ya masomo kwa njia ya posta ilianzishwa huko Kikuyu, nayo ilifundisha kwa barua, kwa radio ya Sauti ya Kenya, na kwa kukutana uso kwa uso wakati wa likizo. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule za msingi. Katika masomo ya namna hiyo dalili ya kwanza ya mtu kupotea ni karatasi isiyorudi. Akikosa moja huona haya kutuma ya pili, na akikosa ya pili huanza kuwakwepa hata waliosoma pamoja naye. Kule Uingereza, Open University iliyoanza kufundisha mwaka 1971 iliwapa wanafunzi washauri katika maeneo yao. Miaka mingi baadaye wenye chuo hicho walijaribu kuwapigia simu wanafunzi wapya kabla masomo hayajaanza, wakaona waliobaki wameongezeka kwa asilimia chache. Ni chache, kweli. Lakini mzazi wa mmoja katika hao hachache asilimia, ahesabu mtoto.

Siku hizi simu imo mfukoni mwa kila mtu, na hata hivyo kijana aweza kupotea akiwa Nairobi. Karo ikibaki deni, hazuiwi tu mtihani, bali huona aibu kurudi darasani. Naye huendelea kuwaambia wazazi kwamba asoma. Wako waliokodi gari, wakavaa nguo za sherehe, wakafika kwenye mahafali, na jina la mtoto wao halimo kitabuni. Wala chuo hakingewaambia mapema, maana mwanafunzi ni mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yalinda habari zake. Basi wa kuulizwa ni mwanafunzi mwenyewe, tena aulizwe katika wiki za kwanza za kunyamaza kwake, deni likiwa bado ni la kuchangwa.

Kwa hiyo twaomba mkutano mkuu uliache fungu hilo mahali pake. Twaomba pia kila mzazi ampe katibu namba ya simu ya mwanafunzi, pamoja na namba ya rafiki mmoja anayekaa naye, kabla muhula haujaanza. Daftari liko mezani pa katibu, na kurasa zake za mwaka ujao bado ni tupu.